Taarifa ya Mwenyekiti ya Mwaka 2025: Wajibu wa Kuripoti Ukatili Dhidi ya Watoto

Ndugu wanachama,

Hesabu za fedha atazisoma mweka hazina, na habari za uanachama atazitoa katibu. Mimi nitasema juu ya kazi iliyochukua sehemu kubwa ya mwaka: kuandika upya mwongozo wetu wa kuripoti.

Mwongozo wa zamani ulikuwa na kasoro moja kubwa. Ulimtaka mwalimu amweleze mkuu wa shule, muuguzi amweleze msimamizi wa wodi, padri amweleze askofu, kisha ukaishia hapo. Sheria nyingi haziishii hapo. Wajibu ni wa yule aliyeona au kusikia, na unatimia pale taarifa inapofika polisi, ustawi wa jamii au mamlaka nyingine iliyotajwa na sheria. Kumjulisha mkubwa wako hakukatazwi, ila hakukuondolei wajibu. Taarifa nyingi hufia kwa mkubwa: anaogopea jina la taasisi, au anadhani mwingine ameshazipeleka. Tume ya Kifalme ya Australia, iliyochunguza kuanzia 2013 hadi 2017 jinsi taasisi zilivyoshughulikia ukatili wa kingono dhidi ya watoto, ilikuta hali hiyo makanisani, shuleni na kwenye makao ya watoto.

Wanachama wengi pia bado wanasubiri uhakika kabla ya kuripoti. Kuthibitisha si kazi yetu. Kifungu cha 110 cha Sheria ya Watoto ya Afrika Kusini, Na. 38 ya 2005, kinadai sababu za msingi tu, na kinamkinga anayeripoti kwa nia njema asidaiwe fidia. Orodha yake ya wanaowajibika kuripoti inawataja viongozi wa dini pamoja na madaktari, walimu na mawakili. Ireland nayo imewaweka viongozi wa dini kwenye orodha yake, iliyoanza kutumika Desemba 2017. Tanzania ilichukua njia nyingine: kifungu cha 95 cha Sheria ya Mtoto ya 2009 kinamgusa kila mwanajamii mwenye taarifa au ushahidi. Kila njia ina upungufu wake. Orodha inaweza kumwacha nje dereva wa basi la shule. Na wajibu wa wote huwafanya watu watazamane. Binafsi naona wajibu wa wote ubaki, na juu yake iwepo orodha, ili mafunzo yajue pa kuanzia.

Sura ya mwongozo inayohusu saa za kwanza ndiyo tuliyoibishania zaidi, na naomba kila mmoja aisome mara mbili. Mtoto akianza kusema, mwache amalize. Swali la "Ilikuwaje?" linatosha, "Ni mjomba aliyekushika?" limeshabeba jibu, na wakili wa utetezi atalishikilia. Usimhoji tena na tena, kwa maana kila mara maneno hubadilika kidogo na maumivu huanza upya. Usimwahidi kumtunzia siri. Andika alivyotamka yeye, hata kama kiungo amekiita kwa jina la kitoto, uweke tarehe na saa. Usimwite mshukiwa ajieleze: utampa nafasi ya kumtisha mtoto. Kama ni ukatili wa kingono wa siku hizo hizo, mtoto apelekwe hospitali bila kuogeshwa. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU huanza ndani ya saa 72, na kila saa inayopotea hupunguza nguvu yake. Nguo zitiwe kwenye mfuko wa karatasi. Wa plastiki hutunza unyevu, na ushahidi huharibika.

Kuhusu maungamo, yaani kama padri aripoti anayoyasikia kwenye kitubio, kamati haikukubaliana, nami sitaficha hilo. Victoria, Australia, ilipitisha mwaka 2019 sheria isiyoacha kinga ya maungamo, yenye adhabu ya hadi miaka 3 jela. Jimbo la Washington, Marekani, lilijaribu hivyo mwaka huu: viongozi wa dini waripoti ndani ya saa 48, maungamo yakiwemo. Julai, jaji wa mahakama ya shirikisho alizuia sehemu ya maungamo. Wajibu wa kuripoti yanayojulikana nje ya maungamo ukabaki. Kwa padri Mkatoliki, kuvunja moja kwa moja siri ya kitubio humtenga na Kanisa papo hapo, kwa hiyo kifungo hakitawatisha wote.

Tulichokubaliana ni mipaka ya siri hiyo. Haifuniki mazungumzo ya ofisini, ushauri wa ndoa, barua, wala mambo ambayo padri ameyaona kwa macho yake. Mtoto aliyeumizwa akisema ndani ya kitubio, padri anaweza kumweleza haki zake na kumwomba arudie maneno hayo nje, ambako hayafungwi na siri. Tangu Juni 2019, agizo la Papa Francis linawataka mapadri na watawa kuripoti kwa mamlaka ya Kanisa, bila kuondoa wajibu wa sheria ya nchi. Wapo wanaosoma nusu ya kwanza tu ya sentensi hiyo.

Mkutano mkuu utapigia kura mambo mawili. La kwanza, kila mwanachama aambatishe kwenye mwongozo kifungu cha sheria ya nchi anakofanyia kazi, pamoja na simu ya mamlaka inayopokea taarifa. La pili, chama kimlipie wakili mwanachama anayefukuzwa au kusumbuliwa kazini kwa sababu ya kuripoti. Kamati inaunga mkono yote mawili.