Anayejifunza gitaa apimwe kwa lipi?

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niseme na wenzangu tunaojifunza gitaa, na zaidi niseme na wanaotufundisha.

Wiki mbili zilizopita kijana wa jirani aliniletea gitaa lake kibandani kwangu ninakoshonea, akaniomba nilitundike mlangoni pamoja na magauni, nimtafutie mteja. Ana miezi minne tangu alinunue. Nilipomuuliza kulikoni akasema hana kipaji, kwamba miezi yote hiyo hajui nyimbo hata tano, na kwenye simu kila siku anaona watu waliojifunza mwezi mmoja tu wanapiga solo. Nikamuuliza, wiki ya kwanza ulikuwa unaweza nini? Akanyamaza. Hakumbuki, na mwalimu wake hakumwekea kumbukumbu yoyote zaidi ya orodha ya nyimbo.

Hilo limeniuma kwa sababu nusura na mimi liniachishe.

Mimi ni fundi cherehani, nina miaka 47. Nilianza gitaa kavu Januari mwaka jana, baada ya mpigaji wa kwaya yetu kuhamia Dodoma. Ilipofika mwezi wa tatu, aliyekuwa akinifundisha akaniambia vidole vyangu vimeshakomaa, nibaki na kuimba. Nilikuwa nabonyeza kodi ya C, yaani nyuzi kadhaa zinazopigwa pamoja, kwa nguvu zangu zote na nusu ya nyuzi zinazima. Siku ile nilirudi nyumbani nikalia.

Aliyeniokoa ni seremala aliyekuja kuchukua suruali yake. Aliliona gitaa limeegemea ukutani, akaliokota, akaliangalia shingo kwa jicho moja kama anavyoangalia ubao uliopinda. Kisha akatoa rula yake ya chuma akaisimamisha kwenye freti ya 12, kile kichuma cha kumi na mbili kinachokatiza shingo. Kutoka freti hadi uzi ilikuwa milimita tano. "Dada, hizi nyuzi ziko juu mno, unaumia bure." Akazilegeza, akachomoa kile kipande cheupe ambacho nyuzi hulalia pale kwenye daraja la gitaa, akakisugua upande wa chini kwa msasa, anakirudisha, anapima, anakitoa tena. Kule juu, karibu na funguo za kukazia, akazamisha kidogo vile vijia sita vinavyopitisha nyuzi. Alipomaliza, rula ilisoma milimita tatu. Jioni ile ile kodi ya C ililia uzi kwa uzi, kwa vidole vile vile vilivyoambiwa vimekomaa.

Kwa hiyo ombi langu la kwanza kwa walimu: kabla hamjampima mwanafunzi, pimeni gitaa lake. Wengi wetu tunanunua la mtumba au la bei ya chini kabisa, na hatuna namna ya kujua kwamba kosa liko kwenye mbao.

Baada ya hapo nilifungua ukurasa wangu mwenyewe katika daftari la vipimo vya wateja. Kila Jumapili jioni naweka saa ya simu dakika moja, nabadilisha kutoka kodi ya G kwenda C na kurudi, nahesabu mara ambazo kodi imetoka safi, naandika na tarehe. Aprili nilikuwa na 9. Mei nikapata 17, na Juni nikapata 31. Halafu Julai na Agosti yote namba iligoma, 31, 33, 32, na ningekuwa nategemea namba peke yake ningeacha. Lakini Jumapili ya kwanza ya kila mwezi nilikuwa pia narekodi wimbo mmoja wa kwaya, ule ule, mwanzo hadi mwisho. Nilipousikiliza wa Juni na wa Agosti kwa kufuatanisha, niliduwaa. Wa Juni umejaa mikwaruzo, na kila kodi inapobadilika muziki unasimama kuningoja. Wa Agosti unatembea. Mkono wa kushoto ulikuwa umeanza kwenda wenyewe bila macho, jambo ambalo saa ya simu haikuweza kuniambia. Septemba namba ikapanda hadi 46.

Nikija kwenye zile nyimbo tano za yule kijana, mtu anaweza kukariri nyimbo kumi na zote zikawa mbovu kwa namna moja. Fundi mwanafunzi simhesabii magauni aliyogusa, nageuza nguo nitazame mshono kwa ndani.

Hapa kwetu Morogoro kuna mzigo mwingine. Ukishika gitaa tu, wazee wanakutajia Mbaraka Mwinshehe. Ni haki yetu kujivunia mpiga solo yule, tangu enzi za bendi ya Morogoro Jazz hadi bendi ya Super Volcano aliyoiunda mwaka 1973. Ila nawaomba wazee wangu wakumbuke kwamba nyuma ya solo katika muziki wa dansi palikuwa na gitaa la rithimu, mtu anayerudia kodi zake chache usiku kucha bila kuyumba. Mwanafunzi anaanzia huko. Kumuuliza solo mtu wa miezi minne ni kumuuliza mtoto anayetambaa mbona hakimbii.

Siku niliyojua nimesogea ilikuwa Novemba, mazoezini. Beti la pili niliikosa kodi ya D kabisa, vidole vikaangukia pasipo. Zamani ningesimama na kuomba tuanze upya. Safari hii mkono wa kulia uliendelea, mguu unapiga chini kama niko kwenye cherehani, na mstari uliofuata nikaidaka. Waimbaji hawakugeuka. Kwangu hatua hiyo ni kubwa kuliko namba zote za daftari, na ndiyo maana nawasihi walimu msimwache mwanafunzi apige peke yake chumbani mwaka mzima. Mkutanisheni mapema na mtu wa kuimba naye, hata kama ni mdogo wake. Na wiki ile ya kwanza mrekodini dakika moja, ihifadhiwe. Haigharimu chochote.

Gitaa la yule kijana sijalitundika. Tumelipima nyuzi, ziko sawa. Nikamwekea dakika moja ya G na C, akapata 22, nikaandika jina lake na tarehe katika ukurasa uliofuata wangu. Amerudi Alhamisi mbili sasa, na Alhamisi hii alipata 25. Mimi niko kwenye kodi ya F. Uzi wa kwanza bado unazima.

Fundi cherehani,
Kihonda, Morogoro