Risala ya Kikundi cha Muziki wa Kale kwa Mgeni Rasmi

Ndugu Mgeni Rasmi,
Viongozi wa meza kuu,
Walimu, wazazi na wageni waalikwa,

Awali ya yote tunakushukuru kwa kuitikia mwaliko wetu. Leo utasikia muziki wa Ulaya wa kati ya mwaka 1500 na 1750 hivi, ukipigwa kwa hapsikodi (kinanda ambacho nyuzi zake hudonolewa), viola da gamba (chombo cha nyuzi kinachopigwa kwa upinde, kwa kifupi gamba), luti (ndugu wa udi) na rekoda (aina ya filimbi). Utaona pia kwamba kila baada ya vipande viwili vitatu tunasimama kutuni, yaani kulinganisha sauti za vyombo. Tunaomba usione ni kubabaika, maana kazi yenyewe ndiyo ilivyo.

Nyuzi za gamba na luti ni za utumbo wa kondoo. Hunyonya unyevu, na hapa pwani unyevu haukosekani, hivyo sauti huhama hata chombo kikiwa kimelala kwenye kasha. Wa kwanza kukatika huwa uzi wa juu, kwa kuwa ni mwembamba na umevutwa karibu na mwisho wa nguvu zake. Ukianza kutoa manyoya, yakatwe kwa kikata kucha, uzi upakwe mafuta kidogo ya lozi; usivutwe kamwe. Gamba ina pia kamba saba za utumbo zilizofungwa kuzunguka shingo kuonyesha mahali pa vidole. Zikilegea, hata mpigaji hodari atatoa sauti mbovu. Luti ilizaliwa na udi, lakini udi wetu wa taarabu hauna kamba hizo na vidole huongozwa na sikio, kwa hiyo mpigaji wa udi anayehamia luti huja na sikio kali kuliko wengi.

Hapsikodi ndiyo yenye kazi kubwa. Tunaituni noti yake ya A (la) kwa mitetemo 415 kwa sekunde, nusu toni (hatua ndogo kabisa kwenye kinanda) chini ya 440 ya leo. Kuipandisha kwa nguvu hadi 440 huongeza mvutano wa nyuzi kwa takriban asilimia 12, na ubao wake mwembamba unaweza kupinda au kupasuka. Baada ya A kupatikana, tunatuni F iliyo chini yake mpaka mawimbi, yaani mtikisiko unaosikika sauti mbili zisipolingana, yatulie kabisa. Kati ya hizo mbili kuna hatua nne za noti tano tano: F–C, C–G, G–D na D–A. Zote hufinywa kidogo, yaani hupunguzwa upana kuliko zilizo safi, sawa kwa sawa. Mwanafunzi mpya hukosea palepale kila mara: anazisafisha tatu za kwanza kwa sababu zinapendeza sikioni, halafu deni lote linaiangukia D–A, nayo inalia vibaya. Sauti zilizobaki hupatikana kwa tatu kubwa safi, yaani umbali kama ule wa F hadi A. Gharama yake ni kwamba G shapu (G iliyopandishwa nusu toni) haiwezi kutumika kama A flati (A iliyoshushwa nusu toni), ingawa kibonyezo ni kimoja, hivyo nyimbo huchaguliwa kwa kuangalia flati zake kwanza.

Rekoda za plastiki zinazofundishwa mashuleni ziko 440. Kuvuta kiungo cha kichwa hakushushi nusu toni nzima, na ukizidisha, noti zinaachana zenyewe kwa zenyewe. Ndiyo maana hapsikodi yenye vibonyezo vinavyosogea nusu toni moja, ikapiga 415 au 440, ni msaada mkubwa kwa kikundi kama hiki. Rekoda ya mbao nayo hupashwa joto kwapani kabla ya kupulizwa. Ikiwa baridi, pumzi hugeuka maji ndani ya njia ya hewa na sauti inaziba.

Kipande cha mwisho ni cha John Dowland, mtunzi na mpigaji luti wa Uingereza, kilichochapwa London mwaka 1604 kwa gamba tano na luti. Kitabu kilikuwa kimoja tu, kimelazwa mezani, kila sehemu ikielekea upande wake, wapigaji wakikizunguka. Nasi tutakaa hivyo hivyo, kwa hiyo wengine watakupa mgongo. Utuwie radhi.

Ndugu Mgeni Rasmi, maombi yetu ni matatu. Kwanza, chumba cha vyombo chenye mashine ya kupunguza unyevu, ili ubaki karibu asilimia 50 usiku na mchana. Kiyoyozi kinachowashwa asubuhi na kuzimwa jioni kinadhuru kuliko kutokuwa nacho. Pili, seti mbili za nyuzi za akiba kwa kila gamba. Tatu ni la leo hii: feni iliyo upande wa kushoto wa jukwaa izimwe mpaka Dowland aishe.

Tunaomba kuwasilisha.