Barua ya wazi kwa binamu aliyemwaga mtama

Binamu,

Salamu nyingi na saumu njema. Huku sote wazima, hofu ni kwako uliye mbali na futari ya bibi. Dhumuni la barua hii ni lile lile tulilogombania kwenye kundi la ukoo hadi shangazi akatunyamazisha: ulivyonifichulia siri ya kitabu nilichokuwa bado nakisoma. Nimeona nilimalizie hapa hadharani, maana kule nikifika aya ya pili tu, mtu anatuma orodha ya michango ya harusi.

Mwanzoni mwa Julai mwaka jana nilikuwa kwenye daladala, nimesimama, mkono mmoja kwenye bomba, mwingine umeshika simu. Nilikuwa nasoma Project Hail Mary, riwaya ya Andy Weir ya mwaka 2021. Mwalimu Ryland Grace ndiyo kwanza ameamka ndani ya chombo cha angani. Hajui hata jina lake. Wenzake wawili wamekufa vitandani mwao. Anapima kasi ya kitu kinachoanguka ili ajue kama yuko duniani, na hesabu inamwambia hayupo. Mimi hapo nimesahau kabisa kwamba konda anadai nauli. Ndipo ujumbe wako ukateremka juu ya kioo: "KUMBE KUNA JINI LA MAWE HUMO NDANI! Miguu mitano! Linaitwa Rocky!" Na vile vichwa vya kucheka, sita kwa mstari.

Sikuwa nimemfikia, binamu.

Utetezi wako naukumbuka neno kwa neno: kionjo cha filamu iliyotokana na kitabu hicho kimetolewa na wenye filamu wenyewe tarehe 30 Juni, dunia nzima imekiona, kosa lako nini? Ni kweli, na hukuwa peke yako. Studio yenyewe ilitangaza kwamba kilitazamwa mara milioni 400 katika wiki ya kwanza. Waliosoma kitabu waligawanyika kambi mbili siku hiyo hiyo. Kuna waliosema wamefichuliwa siri kubwa kuliko zote, na kuna waliosema hapana, urafiki wa yule mwalimu na Rocky, yule kiumbe wa sayari nyingine, ndiyo filamu yenyewe, utauuzaje bila kuuonyesha? Nami baada ya kununa wiki mbili nakiri kambi ya pili ina hoja. Mwenye duka la kanga hafichi kanga nzuri uvunguni.

Ila kuna kitu umekikosa, na hutakipata tena hata ukisoma kitabu mara kumi. Asiyejua lolote anakaa mle ndani na Grace, wawili tu. Kila mlio wa mashine anaushtukia pamoja naye. Anaamini kabisa kwamba mpaka mwisho hakutatokea sauti nyingine. Mimi upweke ule niliupata kwa kurasa kadhaa tu, kati ya Mwenge na Makumbusho, halafu ukaja wewe na jini lako.

Wala si mara ya kwanza. Unakumbuka banda umiza la nyuma ya msikiti? Tunalipa shilingi hamsini, tunabanana kwenye benchi, Lufufu anatutafsiria kwa ile sauti yake. Wewe ulikuwa umeshaiona filamu jana yake kwa hela uliyochomoa kwenye sukari ya nyumbani, na ukikaa nyuma yangu lazima unong'one: "Huyu anakufa sasa hivi. Yule mwenye kofia ni msaliti." Nilikuwa nageuka nakupiga kofi la kisogoni, mwenye banda anatutoa wote. Basi ujue hasira ya Julai ilikuwa na riba ya miaka ishirini.

Turudi kwenye filamu, maana inaanza kuonyeshwa Marekani Ijumaa, tarehe 20 Machi 2026, na bado unauliza maswali ambayo yangejibiwa na kitabu. Shangazi naye kauliza kama ni filamu ya kanisa, maana Hail Mary ni "Salamu Maria". Mwambie jina hilo Wamarekani wanalitumia kwenye futiboli yao ya Kimarekani, ile ya kushika mpira mikononi: dakika zimekwisha, timu imefungwa, mtu anarusha mpira mbali kabisa na kuomba dua. Ndivyo wanavyofanya watu wa hadithi hii. Vijidudu vinaitwa Astrophage vinakula nguvu ya jua, jua linafifia, na nyota nyingi za jirani zinafifia pia. Moja tu haijaguswa, Tau Ceti, iliyo umbali wa karibu miakanuru 12. Wanatuma chombo kikaulize kwa nini. Nyota hiyo ipo kweli, inaonekana kwa macho matupu penye giza la kutosha. Mwanga wake unaokufikia leo uliondoka huko 2014, wakati wewe unalia kwa zile saba ambazo Wajerumani waliwafunga Brazil.

(Kama wapo wasomaji ambao hawajasoma kitabu na hawataki kujua zaidi, waruke aya mbili zinazofuata. Unaona inavyofanywa, binamu? Mtu anaonywa kwanza.)

Ninachokingoja mimi si sura ya Rocky. Nangoja kuona watakavyozungumza. Rocky hana macho, anaijua dunia yake kwa sauti. Anakotoka hewa ni amonia, joto nyuzi 210, mgandamizo mara 29 ya wetu, kwa hiyo kati yake na mwalimu lazima uwepo ukuta. Maneno yake ni milio, sauti kadhaa kwa pamoja kama mtu anayebonyeza vitufe vitatu vya kinanda. Grace anaanza na kompyuta na orodha: mlio huu neno hili, mlio ule neno lile. Na wanaanzia kwenye saa na namba! Rocky anahesabu kwa sita, si kwa kumi. Wasomaji wengine waliona sehemu hiyo ndefu. Mimi niliisoma nikicheka peke yangu, kwa sababu sisi tumezaliwa humo. Simu imeandika 7:00, mdomo unasema saa moja, na hakuna anayechanganyikiwa isipokuwa mgeni. Ukishawahi kumweleza Mzungu kwa nini mkutano wa saa nne ameukosa kwa saa sita, umeshafanya kazi ya Grace.

Halafu kuna hiyo ya milio. Bibi akitusahihisha Kihaya, mara ngapi anasema herufi tumepatia, sauti ndiyo tumekosea, tumeishusha mahali pa kuipandisha? Sisi tuliokulia Kiswahili hatuisikii. Tunarudia vile vile, naye anacheka mpaka anashika mbavu. Ndiyo maana nawaelewa wanaogombana kuhusu sauti ya Rocky kwenye filamu. Kitabu cha kusikiliza alichosoma Ray Porter kiliweka milio halisi kwa Rocky, na waliokisikia wanasema ndiyo hiyo, msiiguse. Sasa kwenye filamu anachezwa na James Ortiz, na mwili wenyewe ni kikaragosi cha kushikika, kilichotoka kwenye karakana ya Neal Scanlan, fundi wa viumbe wa filamu. Hapo nimetulia. Kitu kinachosukumwa na mikono ya watu kinamfanya mwigizaji awe na wa kumtazama, na Ryan Gosling, anayemwigiza Grace, atahitaji wa kumtazama.

Wasiwasi wangu uko kwa waongozaji. Phil Lord na Christopher Miller ni mafundi wa vichekesho, na mwaka 2017 walitimuliwa katikati ya kazi kwenye filamu ya Han Solo, ya mfululizo wa Star Wars. Wewe unasema hiyo ni sifa. Mimi naogopa mzaha usimeze ule ukimya wa mwanzo. Kinachonipa moyo ni mwandishi wa muswada, Drew Goddard, yule yule aliyeigeuza The Martian ya Weir kuwa filamu ya mwaka 2015. Ile ilikuwa na mtu mmoja, viazi na hesabu, na hatukubanduka kwenye viti. Ulikula bisi zangu zote, usikatae.

Sasa kuhusu dau lako. Umeweka sinia la pilau la Idi kwamba mwalimu anarudi nyumbani, na ushahidi wako wote ni maneno mawili: "Stelingi hafi." Ndiyo sheria ya banda umiza, naijua. Lakini kionjo chenyewe kimesema mafuta ya chombo ni ya kwenda tu. Mimi kitabu nimekimaliza tangu Agosti, kwa hiyo najua. Umenipigia mara tatu wiki hii, moja saa tisa usiku wakati wa daku, kuniuliza "anarudi au harudi?" Nimekujibu kula daku yako. Sitasema. Umenitumia bando la wiki, nimelitumia, na bado sitasema. Raha ninayoipata hapa siwezi kuieleza.

Filamu na Idi zinakaribia kugongana. Ijumaa au Jumamosi, mwezi ndio utakaosema. Ikifika kwenye sinema za hapa mjini tutakwenda baada ya kusalimia wazee, tukishashiba, na pilau ya dau italiwa jioni na aliyeshinda. Tiketi nitakata mimi. Wewe utakaa safu ya mbele. Mimi nakaa nyuma yako.

Binamu yako,
wa benchi la pili