Shukrani kwa aliyetuchorea uwanja wa mpira wa magongo

Ndugu yetu uliyefika alfajiri na futikamba ya chuma, ukaondoka bila kuacha jina: vijana wa mashindano ya taifa, wachezaji, waamuzi na makocha, tunakushukuru.

Kugeuza uwanja wa soka uwe wa magongo si kumwaga chokaa tu. Vipimo ni mita 91.40 kwa 55, na pembe zake ulizinyoosha kwa kamba ya mita 12 yenye mafundo kwenye 3 na 7, ikivutwa iwe pembetatu ya pande 3, 4 na 5, yenye pembe mraba. Ila kilichookoa mechi ni ile nusu duara ya mbele ya goli. Wengi husimika kigingi kimoja katikati ya goli na kuzungusha mita 14.63. Hapo kila upande unapoteza mita 1.83 kwenye mstari wa goli, na kwa kuwa bao halihesabiki mpira usipoguswa na mshambuliaji ndani ya nusu duara, ugomvi hauishi. Wewe ulizungusha robo duara mbili, kila moja kutoka kona ya ndani ya upande wa mbele wa nguzo yake ya goli, kisha ukaziunga kwa mstari mnyoofu wa mita 3.66, sawa na upana wa goli lenyewe. Kamba ya manila uliikataa. Hunyumbuka, na sentimita chache tu zinatosha kuzua kelele.

Chokaa uliikoroga na maji, maana kavu upepo wa ziwa huipeperusha mchana. Doa la penalti, mita 6.40 kutoka mstari wa goli, bado linaonekana.

Futikamba yako tumeihifadhi. Ulisahau pia kandambili moja.