Kreatinini ya siku ya kwanza isimhukumu paka

Mhariri,

Wapo wenye paka wanaoambiwa, siku ileile wanapofika kliniki, kwamba figo za mnyama wao zimekufa kwa sababu kreatinini, taka ya damu ambayo figo huchuja, imesoma 900. Wengine hukubali achomwe sindano ya kumuua papo hapo. Kama paka huyo ni dume aliyeziba mkojo, uamuzi huo ni wa haraka mno.

Mrija wa mkojo wa paka dume ni mwembamba sana, hasa kwenye uume. Ute ulioshikamana na chembe za struviti (madini ya mkojo yanayoganda), kijiwe kidogo, hata uvimbe wa ukuta wa mrija wenyewe, vyatosha kuuziba. Mkojo ukikosa njia, shinikizo hurudi hadi kwenye figo na uchujaji wa damu hukwama. Urea, kreatinini na fosforasi hurundikana. Wakati huo kipimo kinasema taka hazitoki, basi. Kreatinini ya miligramu 10 kwa desilita (maabara nyingine huiandika mikromoli 884 kwa lita, kwa hiyo tazama kizio kabla ya kushtuka) mara nyingi hurudi kawaida siku 2 au 3 baada ya njia kufunguka. SDMA, kipimo kingine cha damu cha figo, nayo hupanda uchujaji ukikwama, hivyo haitenganishi figo iliyozibwa na figo iliyokufa.

Kinachoua mapema ni potasiamu, chumvi ya damu ambayo nayo hurundikana, na baadhi ya vipimo vifupi vya figo haviipimi kabisa. Ikivuka milimoli 8 kwa lita, moyo uko hatarini. Paka mwenye mapigo chini ya 120 kwa dakika na joto chini ya nyuzi 36 atibiwe kama potasiamu imepanda, hata kabla ya majibu: kalsiamu glukoneti ya asilimia 10, mililita 0.5 hadi 1 kwa kila kilo, polepole kwa dakika 5 hadi 10, huku moyo ukisikilizwa. Kalsiamu haishushi potasiamu. Hukinga moyo kwa nusu saa hivi, muda wa kuanza dripu na kuingiza mpira wa mkojo. Damu ya kipimo isipitie chupa ya kifuniko cha zambarau: dawa iliyomo ina potasiamu, itatoa jibu la uongo.

Baada ya kufungua, rudia vipimo saa 24 na saa 48. Hapa ndipo makosa mengi hutokea. Figo zilizoachiliwa huweza kumwaga mkojo mwingi mno. Paka wa kilo 4 hutarajiwa kutoa mililita 4 hadi 8 kwa saa. Huyu anaweza kupita 20. Dripu isipofuata kiasi kinachotoka, mwili hukauka, potasiamu huanguka chini ya 3.5, na kreatinini hupanda tena. Mtu asiyepima mkojo atalaumu figo. Kreatinini ikigoma kushuka, kagua kwanza mpira: umejikunja? Umeziba? Kibofu kimejaa tena?

Swali la madhara ya kudumu liulizwe wiki 1 hadi 2 baadaye, dripu ikiwa imeshaondolewa. Kreatinini ikibaki juu ya mikromoli 140 na uzito wa mkojo ukilinganishwa na maji (maji ni 1.000) ukiwa chini ya 1.035, hapo kuna sababu ya kweli ya kuzungumzia ugonjwa wa figo. Uzito wa mkojo uliopimwa paka akiwa kwenye dripu hauna maana, maana maji yameshauchanganya.

Kwa wenye paka: dume anayechuchumaa mara kwa mara bila tone, akilia au kujilamba sehemu za siri, hajafunga choo kama wengi wanavyodhani. Mfikisheni kwa daktari siku hiyohiyo, hata kama ni usiku. Msimkamue tumbo, kibofu kilichojaa kinaweza kupasuka. Msimpe parasetamo, ni sumu kwa paka hata kwa kipande cha kidonge. Wala diklofenaki, ambayo huzidi kuziumiza figo zilizokwisha elemewa.

Daktari wa mifugo,
Mombasa