Kitabu chako cha dinosaria kipo njiani

Mwanangu mpendwa,

Salamu kutoka Lindi. Mimi mzima. Kitabu ulichoniomba nimekipata, nimempa kondakta wa basi la asubuhi. Mwambie baba mdogo akakichukue Mbagala.

Kikifika, usikisome kama hadithi. Anzia nyuma, kwenye faharasa, ile orodha ya maneno yenye namba za kurasa. Tafuta neno linalokuwasha, nenda ukurasa huo, ukichoka ruka kwingine. Hakuna atakayekuuliza umefika wapi.

Ila kuna ukurasa mmoja nataka uukalie. Nimeukunja ncha (bibi yako asijue, anavyochukia kurasa zilizokunjwa). Una picha ya mifupa ya mnyama mwenye shingo ndefu kama mnara wa simu, kimo chake kinapita mita 13. Chini wameandika kwamba yumo kwenye jumba la makumbusho la Berlin, Ujerumani, basi. Hawasemi alikotoka. Katoka huku huku Lindi, kilima cha Tendaguru! Wajerumani ndio waliokuwa wakitawala, na walichimba tangu 1909 hadi 1913. Wataalamu wao walikuwa wachache mno. Waliochimba, kusafisha na kufungasha ni wazee wetu, mamia kwa mamia, na msimamizi wao mmoja aliitwa Boheti bin Amrani. Zaidi ya tani 200 za mifupa na mawe zilibebwa kwa vichwa na mabega, mwendo wa siku kadhaa, hadi bandarini hapa Lindi. Tena Vita vya Majimaji vilikuwa vimezimwa miaka michache tu kabla, watu bado wana njaa na majonzi.

Kwa hiyo kila ukiona picha kwenye kitabu cha maarifa, uliza: hiki kilipatikana wapi, na nani alikiokota? Kitabu kizuri hukujibu. Hiki kimejibu nusu.

Jina pia liangalie. Kitabu kinamwita Brachiosaurus, ndivyo alivyoitwa tangu 1914, lakini siku hizi wataalamu wengi humwita Giraffatitan, kwa kuwa wamemwona ni tofauti na Brachiosaurus yule wa Marekani. Fungua kurasa za mwanzo utaona mwaka kilipochapishwa. Ni cha zamani kidogo. Ndiyo maana na kile cha sayari ulichorithi kwa dada yako kina sayari tisa. Pluto iliondolewa kwenye hesabu mwaka 2006.

Na rangi? Mchoraji kampaka kijani. Sijui kwa nini dinosaria wote lazima wawe kijani kama vyura. Mifupa ile haisemi ngozi ilikuwa na rangi gani, hivyo hapo mchoraji amekisia, na kitabu kingepaswa kukuambia hivyo. Ukikutana na maneno kama “inadhaniwa” au “huenda”, usiyaruke. Hapo mwandishi anakuambia ukweli wake umeishia wapi.

Kiingereza kikikushinda, dada yako yupo. Mkipata Jumamosi, akupeleke Maktaba Kuu pale Upanga mtafute kingine cha kulinganisha.

Kisha niandikie maswali ambayo vitabu vyote viwili havijayajibu. La kwangu ni hili: wale wapagazi, njia nzima ile kutoka Tendaguru, walikuwa wakiambizana wamebeba mifupa ya nani?

Baba yako