Julian Bond na swali la nani mwenye kiti cha mbunge

Ndugu Mhariri,

Kila chama kinapomvua mbunge wake uanachama, kurasa za barua katika gazeti lako hujaa watetezi na wapinzani wa uamuzi huo, na karibu wote huishia kwenye Ibara ya 71 ya Katiba yetu ya Tanzania, ambayo inamwondolea ubunge mtu aliyeacha kuwa mwanachama wa chama kilichompeleka bungeni. Naomba nafasi nilitazame jambo hilo kupitia maisha ya kisiasa ya mtu ambaye hakuwahi kuingia katika bunge la taifa lake, bali aliishia katika bunge la jimbo: Julian Bond wa Georgia, Marekani. Alipofariki dunia Agosti 15, 2015, akiwa na umri wa miaka 75, alikumbukwa zaidi kama mwanaharakati na kama mwenyekiti wa NAACP, jumuiya ya kutetea haki za weusi wa Marekani, wadhifa alioushika kuanzia 1998 hadi 2010. Miaka 20 ya utumishi wake katika bunge la Georgia ilitajwa kwa kupita tu, ilhali kwetu sisi, wenye Ibara ya 71, sehemu hiyo ndiyo yenye uzito.

Bond alizaliwa Nashville mwaka 1940. Baba yake, Horace Mann Bond, alikuwa mkuu wa kwanza mweusi wa Chuo Kikuu cha Lincoln, Pennsylvania, chuo kilekile alichosoma Kwame Nkrumah. Kijana huyo alikatiza masomo yake katika Chuo cha Morehouse, Atlanta, akawa mkuu wa mawasiliano wa SNCC, jumuiya ya wanafunzi waliokuwa wakikaidi ubaguzi katika migahawa na kuwaandikisha weusi wa Kusini wapate kupiga kura. Mwaka 1965, baada ya mahakama kulazimisha maeneo ya uchaguzi yagawanywe upya kufuata idadi ya watu, Atlanta ilipata viti vipya katika Baraza la Wawakilishi la Georgia. Bond aligombea eneo Na. 136 na kushinda kwa asilimia 82 ya kura. Alikuwa na umri wa miaka 25.

Siku ya kuapishwa ilipofika, hakuapishwa. Januari 6, 1966, siku nne kabla ya bunge kufunguliwa, SNCC ilitoa tamko la kupinga vita vya Vietnam na kuwaunga mkono vijana waliokataa kuandikishwa jeshini. Siku chache kabla ya tamko hilo mwanafunzi mweusi, Sammy Younge, ambaye alikuwa amekwisha kulitumikia jeshi la majini la nchi yake, alipigwa risasi na kuuawa huko Tuskegee, Alabama, kwa sababu alitaka kutumia choo cha wazungu kwenye kituo cha mafuta. Bond hakuliandika tamko hilo, lakini mwandishi wa habari alipomuuliza, alijibu kwamba analiunga mkono. Alifafanua baadaye kuwa anastahi ujasiri wa vijana waliochoma kadi zao za jeshi, ila yeye hajaichoma ya kwake wala hajamshauri yeyote aichome. Ufafanuzi huo haukumsaidia. Januari 10, kwa kura 184 dhidi ya 12, wawakilishi wenzake waliamua kwamba mtu mwenye kauli za namna hiyo hawezi kula kiapo cha kuitii Katiba kwa moyo wa kweli, na kwa hiyo asiruhusiwe kukila. Waliokuwa na hofu kuu juu ya heshima ya Katiba, ningependa wasomaji wako wakumbuke, walikuwa wanasiasa ambao kwa miaka mingi hawakuona tatizo lolote la kikatiba katika kuwazuia weusi wasipige kura.

Wapiga kura wa eneo hilo, akiwamo Martin Luther King aliyeongoza maandamano kuelekea jengo la bunge, walikuwa na mawazo yao. Uchaguzi mdogo ulipoitishwa Februari, hakuna aliyejitokeza kushindana na Bond, naye akarudi. Kamati ya bunge ikamkataa tena. Novemba wakamchagua kwa mara ya tatu. Wakati huo kesi yake ilikuwa imeshindwa mbele ya majaji watatu wa mahakama ya chini, wawili dhidi ya mmoja, na kukatiwa rufaa. Desemba 5, 1966, Mahakama ya Juu ya Marekani, majaji wote tisa wakiwa na kauli moja, ilitoa hukumu iliyoandikwa na Jaji Mkuu Earl Warren. Ilisema kwamba kiapo hakiwapi walio wengi bungeni mamlaka ya kupima unyofu wa moyo wa mwenzao, na kwamba serikali ya uwakilishi inadai mbunge awe na uhuru mpana kabisa wa kutoa maoni yake kuhusu sera za nchi. Januari 1967 Bond aliapishwa, mwaka mzima baada ya siku aliyostahili.

Mwaka huohuo wa 1966, jirani zetu wa Kenya walibadilisha Katiba yao kwa haraka ili wabunge waliomfuata Oginga Odinga katika chama kipya cha KPU wapoteze viti na kurudi kwa wananchi, na uchaguzi mdogo ukafanyika Juni. Nia ya sheria ile ilijulikana na kila mtu, lakini angalau mpiga kura aliulizwa. Kwetu Tanzania mambo yalikwenda vingine: Oktoba 1968, wabunge kadhaa walifukuzwa TANU kwa kupingana na sera za chama, na ubunge wao ukaisha kwa uamuzi wa kikao ambacho wapiga kura wao hawakuwa na sauti ndani yake. Tumefuta mfumo wa chama kimoja tangu 1992, lakini utaratibu huo tumeubakiza, na leo vyama vyote, kile kinachotawala na vile vya upinzani, huutumia kwa raha ileile.

Nitajibiwa kwamba ibara hiyo inazuia biashara ya kuwanunua wabunge wahame vyama. Hoja hiyo naiheshimu, ingawa sote tuliwaona wabunge waliohama kwa maelezo ya "kuunga mkono juhudi" za Rais Magufuli wakiachia viti na muda si mrefu wakarejea kuvigombea vilevile kwa tiketi ya chama kingine, tena bila ibara hiyo kuwapunguzia usingizi. Nitaulizwa pia: je, mbunge asiyefaa aachwe tu kwa sababu amechaguliwa?

Hapo ndipo sehemu ya pili ya maisha ya Bond inaponipa jibu. Sidai kwamba alikuwa mbunge wa mfano. Katika mkutano mkuu wa chama cha Democratic, Chicago, 1968, jina lake lilipendekezwa kwa nafasi ya makamu wa rais, akajitoa kwa kuwa alikuwa na miaka 28 na Katiba yao inataka 35. Tangu hapo akawa mtu wa mihadhara nchi nzima, na wapinzani wake wa nyumbani wakalalamika kwamba anasikika zaidi nje ya Georgia kuliko ndani. Mwaka 1975 alihamia Seneti ya jimbo, na huko alipigania mipaka ya jimbo la tano la uchaguzi wa bunge la taifa ichorwe upya ili weusi wa Atlanta wawe wengi ndani yake. Vita hiyo ilifika mahakamani na ikafanikiwa. Mwaka 1986 aliacha kiti chake cha Seneti akagombea jimbo hilohilo. Katika kura za maoni za chama aliongoza duru ya kwanza, lakini hakufikia nusu. Katika duru ya pili akashindwa kwa tofauti ndogo na John Lewis, mwenzake wa siku za SNCC, aliyelishika jimbo hilo hadi alipofariki mwaka 2020. Ilikuwa kampeni chungu, iliyouumiza urafiki wao. Bond hakuwa na mahakama ya kukimbilia safari hii, wala hakuhitaji: waliomkataa walikuwa wenye haki ya kumkataa.

Kwa hiyo, Ndugu Mhariri, mjadala wa Katiba utakaporejea, napendekeza Ibara ya 71 itenganishe watu wawili ambao kwa sasa inawaweka kapu moja. Mbunge anayehama chama kwa hiari yake apoteze kiti na arudi kwa wapiga kura. Mbunge anayefukuzwa na chama kwa sababu ya kauli au kura yake bungeni aendelee na ubunge hadi uchaguzi mkuu unaofuata, awe na chama au asiwe nacho.

Msomaji wako,
Morogoro